Fundo la Tatu

Karama, Dubai
12 Oktoba 2013

Kwa dada yangu Everlyn,

Nakusalimu wewe na wote wanaoota moto jikoni mwako. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi nilichokuandikia mwezi wa saba kimekwisha. Joto nalo limeanza kulegea. Jana Ramathan, yule Mganda anayelala kitanda cha juu yangu, alizima AC kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na sisi wote sita tukanyamaza tukisikiliza ule ukimya. Kazi ni ile ile: lango la jengo la ofisi, saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa juma. Ijumaa nafua, napika, nalala.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu ya nyumbani mnaisikiliza watu wanne, wa tano akiwa jirani. Barua husomwa na mwenyewe.

Msalimie mke wangu. Mwambie yale mabati ya jikoni yasubiri mvua ipungue, asipande juu mwenyewe.

Jambo lenyewe ni dogo. Kuna mama mmoja wa Uganda, Harriet, anayemtunza bibi kizee katika nyumba moja Satwa. Nilipougua yeye ndiye aliyeniletea uji. Krismasi inakuja nami sina cha kumpa. Vitu vya dukani huku ni vingi hadi havina maana tena, kwa hiyo nimefikiria sweta ya kwetu, ya mkono. Desemba hadi Februari kuna kibaridi, na yeye humtembeza huyo bibi kila asubuhi. Ifunguke mbele, iwe na vifungo, iwe nzito, isimbane. Yeye ni mnene.

Nimepima kwa uzi, kama mama alivyotufundisha, maana najua huamini namba zilizoandikwa na mtu mwingine. Fundo la kwanza ni mabega, la pili kifua, la tatu tumbo, la nne urefu hadi nyonga. Rangi iwe damu ya mzee. Zedekiya wa Eldoret, tunayefanya kazi pamoja, yuko huko likizo hadi katikati ya Desemba. Mpe yeye aje nayo.

Mdogo wako,
Boaz


Timboroa
9 Novemba 2013

Kwako Boaz, mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na nimezigawa, kila mtu na fungu lake. Sisi tuko, na baridi iko. Jalidi imeunguza viazi vya upande wa bondeni. Vya juu vimepona, kwa hiyo hatutakufa njaa ila tutakula kwa adabu. Kondoo wawili wamezaa. Mchungaji ameomba kofia ishirini za watoto wa kwaya kabla ya Krismasi, na akasisitiza nizifume kwa furaha. Nimemjibu kofia nitampa, furaha akaitafute kwingine.

Siku hizi jioni zetu ni fupi. Tukishakamua tunafunga mlango, kuni zinawaka, sindano zinagongana. Redio tumeizima kwa sababu Virginia anasema inamchanganyia hesabu ya vitanzi. Wewe ulituachia mke asiyesema sana, lakini kwa kuhesabu hana mwenzake. Mabati ya jikoni alishayapigilia mwezi uliopita, barua yako ilipokuwa bado angani.

Sasa uzi wako. Virginia aliutandaza mezani kabla sijamaliza kuisoma barua. Akapitisha kidole kutoka fundo hadi fundo, akarudia, kisha akasema, "Huyu mama mnene ana mabega ya msichana." Nikaupima na mimi. Kweli, mabega ni membamba, kifua ni cha kawaida, na fundo la tatu liko mbali peke yake. Ama wewe ulikosea kufunga, ama Waganda wana mpangilio wao wa kunenepa. Nilitaka nilirudishe lile fundo mahali pake, Virginia akakataa. Akasema mwenye sweta anajua mwili wake, tufuate uzi.

Itakuwa tayari Zedekiya akija. Mbele ina misuko minne, minene, na vifungo ni vya mbao.

Virginia anauliza kama utakuja Krismasi. Nilimwambia nitakuuliza. Nimekuuliza.

Dada yako,
Everlyn


Karama
2 Desemba 2013

Dada Everlyn,

Natumaini kofia za kwaya zimekwisha na furaha imepatikana. Leo ni sikukuu ya taifa huku. Magari yamepakwa rangi za bendera hadi kwenye vioo, na vijana wanapiga honi tangu asubuhi. Ramathan ameziba masikio kwa pamba, amelala. Mimi nimefua.

Kuhusu Krismasi, kampuni haijaruhusu.

Ile sweta Zedekiya aje nayo, itafaa kwa sasa. Lakini ulisema kweli, uzi wa kwanza niliufunga vibaya. Naweka mwingine ndani ya bahasha hii. Naomba mfume ya pili kwa kipimo hiki, nzito kama ya kwanza, ifike kabla Februari haijaisha. Ya kwanza atampa mtu mwingine.

Nimesikia mmepata mvua ya mawe. Mwiteni fundi aangalie tangi la maji, lile linavuja chini.

Wako,
Boaz


Timboroa
28 Desemba 2013

Boaz,

Krismasi imepita salama. Watoto ishirini waliimba wakiwa na kofia ishirini, na mmoja aliivua yake akaifutia kamasi mbele ya askofu. Tulichinja kondoo dume yule mkorofi. Virginia alipika, alikaribisha watu, alicheka walipocheka. Mama Jecinta, jirani yetu, alimwuliza mbele ya wageni wote, "Na huyu bwana, miaka miwili na nusu, atakuja kukupa mtoto kwa posta?" Virginia akamwongezea mchuzi. Sikupenda, na Mama Jecinta sijamwalika mwaka mpya.

Zedekiya atakuwa amekufikia. Sasa nazungumzia uzi wa pili.

Niliufungua nikiwa peke yangu, namshukuru Mungu. Nikauweka sambamba na ule wa kwanza. Mabega ni yale yale. Kifua kimeongezeka kidogo, upana wa ukucha. Urefu ni ule ule. Fundo la tatu limesogea vidole vitano. Boaz, nimewafumia watu sweta miaka ishirini na sita. Mtu akinenepa hunenepa mikono, hunenepa mgongo, hata shingo. Anayesogea fundo la tatu peke yake ni mwanamke mwenye mimba, hakuna mwingine.

Wewe si mtu wa kupima tumbo la mwanamke wa nyumba ya wenyewe, na kulipima mara mbili, ikiwa tumbo hilo halikuhusu. Nakuuliza mara moja tu, nawe unijibu mara moja: ni yako?

Uzi nimeuficha kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu, ambacho hakuna anayekisoma. Virginia sijamwambia kwamba kuna sweta ya pili. Sitaanzisha hata kitanzi kimoja kabla hujanijibu.

Everlyn


Karama
20 Januari 2014

Dada,

Barua yako ilikaa siku tisa kwenye sanduku la kampuni kabla hawajanipa. Nilipomaliza kuisoma nilikwenda zamu. Naijibu leo.

Ni yangu.

Sitaandika ilivyoanza. Ilianza kama yanavyoanza mambo ya watu wawili walio mbali na kwao, na sina namna ya kulieleza likawa zuri. Harriet anajua nina mke. Alijua kabla.

Nitakuandikia yaliyo muhimu. Huku mwanamke akionekana ana mimba bila cheti cha ndoa, hilo ni kosa la jinai. Akienda hospitali wanaomba cheti, asipokuwa nacho wanaita polisi. Kuna wasichana wamejifungua wakiwa kifungoni. Kanisani wangetufungisha ndoa, ila wanataka barua ya chifu inayosema sina mke. Chifu wetu alikula pilau kwenye harusi yangu.

Mkataba wake unaisha tarehe tisa Machi. Pasipoti anayo madam, mwajiri wake. Akiomba kuondoka kabla, lazima atoe sababu, na madam ni mtu wa kuuliza maswali. Akivumilia hadi siku hiyo, atapewa pasipoti na tiketi kama wengine, atakwenda kwao Tororo, basi, khalas kama wasemavyo huku. Mtoto ni wa Mei.

Ile sweta ndiyo imemficha tangu Krismasi. Utasema mbona tusinunue kubwa dukani. Tulinunua. Zile za dukani ni laini, zinalalia mwili, zinaonyesha kila kitu. Yenu ina ile misuko ya mbele, inasimama yenyewe. Tena mtu akivaa kila siku zawadi ya Krismasi iliyofumwa kwa mkono, hakuna anayemwuliza. Madam aliisifu. Yule bibi, mama yake madam, Mhindi wa Kerala mwenye miaka themanini na kitu, aliishika akahesabu misuko kwa kidole.

Nilipopima mara ya kwanza tuliongeza vidole vinne vya kubuni. Harriet alisema vitatosha. Havikutosha. Tangu juma lililopita kifungo cha tatu kinavuta, na cha nne hakifungi kabisa. Anatembea akiwa amembebea bibi blanketi mbele ya tumbo.

Naogopa, dada. Sijawahi kukuandikia neno hilo lakini ndilo lililopo. Nasimama langoni saa kumi na mbili, na kila gari la polisi likipita nahisi limetoka Satwa.

Ifume wewe kwa mikono yako. Virginia asijue. Nitakuja mwenyewe kumwambia, uso kwa uso. Niachie hilo.

Boaz


Timboroa
14 Februari 2014

Boaz,

Barua hii inakuja ndani ya kifurushi, na sweta iko humo. Anayeileta ni Paskazia, binti wa mwalimu mkuu, anayerudi huko kwenye kazi yake ya hoteli tarehe kumi na saba. Nimemwambia ni zawadi ya Krismasi iliyochelewa. Alinitazama, lakini ana adabu.

Unasema niifume kwa mikono yangu. Kuna jambo sikukuandikia kwa sababu sikutaka unionee huruma. Mwezi wa nane nilianguka penye tangi la maji, lile unalosema linavuja. Kiganja cha kulia kilivunjika na kikaunga vibaya. Tangu siku hiyo sijashika sindano. Kofia za kwaya ni za Virginia. Sweta ya kwanza ni ya Virginia, kitanzi cha kwanza hadi cha mwisho. Nilipokuandikia kwamba tunafuma, nilimaanisha yeye anafuma na mimi nasema.

Kwa hiyo barua yako ilinikuta nikiwa na mambo mawili na mkono mmoja. Nilikaa nayo siku tatu. Nilijaribu kuzungusha uzi kwa mkono wa kushoto, nikapata mistari sita ambayo hata kwa kufutia meza haifai. Siku ya nne, Jumapili baada ya ibada, nilimwita nyumbani kwangu nikamwambia. Nimevunja neno uliloniomba. Kama una hasira, hasira zako kaa nazo huko.

Nilianza kwa kuzunguka. Nikasema kuna mama yuko kwenye shida Dubai. Akanikatiza. Akasema, "Wifi, mimi najua tangu Novemba. Fundo la tatu nililiona kabla yako."

Nikamwuliza kwa nini basi aliifuma. Akasema wakati ule alikuwa hana hakika kama tumbo hilo ni la mume wake, na mtu hafumui kazi ya watu kwa kudhania. Akanyoosha mkono nimpe uzi wa pili. Nikautoa kwenye Biblia. Aliutazama kidogo tu, akautia mfukoni.

Shida ikawa sufu. Rangi ile ilikuwa imekwisha. Nilimtuma mtu Burnt Forest, akarudi na ya bluu. Eldoret, kwenda na kurudi, ni safari ya siku nzima, na huenda kule pia haipo. Virginia akasema rangi isibadilike, maana watu wa nyumba ile walishaizoea moja, wakiona nyingine wataanza kuitazama upya. Wewe au mimi tusingefikiria hilo.

Akaenda nyumbani kwenu. Akarudi na sweta tatu za kiume. Nilikuwa sijui kwamba zipo. Moja alikufumia Krismasi ya mwaka ulioondoka, moja iliyofuata, na ya tatu ni ya Krismasi hii, ile ambayo kampuni haikuruhusu. Zote za damu ya mzee, kwa sababu hiyo ndiyo rangi yako. Alikuwa anaziweka sandukuni akisubiri uje uzivae kanisani.

Alizifumua mbele yangu. Mimi nilishika kiti, yeye akazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Sufu iliyofumuliwa hujikunja, haifumiki hivyo hivyo. Akaiosha, akaitundika juu ya jiko na makopo ya maji yakining'inia chini yake ili inyooke. Ilichukua siku mbili kukauka. Kisha akafuma siku sita. Misuko ya mbele sasa ni sita badala ya minne. Pande zote mbili ameongeza kipande kinachopanuka kuanzia kwapani, kilichojificha kwenye mkunjo, ili ikae pana bila kuonekana pana. Sijawahi kuona kazi kama hii na sikumfundisha mimi.

Siku ya mwisho nilimwuliza kama analia usiku. Naogopa mtu akinyamaza sana. Akasema, "Nililia Novemba. Nipe mkasi."

Mimi nimekuchukia kwa siku kadhaa, Boaz, na ni vizuri ujue. Sasa nimepoa kidogo. Huyo mwanamke afike kwao salama. Usiniandikie shukrani.

Everlyn


Karama
16 Machi 2014

Dada Everlyn,

Natumaini kiganja hakikusumbui kwa baridi. Ningejua nisingeandika vile. Salamu za huku ni kwamba joto limerudi na Ramathan amewasha AC.

Paskazia alinipa kifurushi tarehe ishirini, nami nikakipeleka Satwa jioni ile ile. Harriet aliivaa palepale kwenye ngazi za nyuma. Ilimtosha na nafasi ikabaki. Ya kwanza aliikunja akaiweka chini ya godoro.

Juma la kwanza la Machi lilikuwa baya. Jua likapanda ghafla, watu wote mtaani wakarudi kwenye mashati mepesi. Madam akamwambia, "Harriet, vua hiyo, unaniumiza macho." Mara mbili alimwambia. Mara ya tatu akasogea karibu kama anayetaka kumvua mwenyewe. Basi yule bibi akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwache. Mimi nikimwona bila sweta nasikia baridi." Akaomba AC izidishwe hadi nyumba nzima ikawa friji. Madam akajifunga shali. Hivyo ndivyo walivyokaa siku sita, nje watu wanatoka jasho, ndani wamejikunyata.

Harriet anasema siku ya kuondoka bibi alimshika tumbo juu ya ile misuko, akauacha mkono hapo kwa muda. Madam alikuwa chumbani akitafuta pasipoti.

Uwanja wa ndege sikumsindikiza. Dereva wa madam ndiye aliyempeleka. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, karibu na fundi cherehani, nikijifanya nasubiri teksi. Alitoka na begi moja, amefunga vifungo vyote, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Hakunitazama, tulikuwa tumekubaliana asitazame. Gari likaondoka. Nilikaa pale hadi fundi akaniuliza kama nina suruali ya kupunguza.

Alipiga simu siku ya pili kutoka kwa dada yake Tororo. Pale kaunta ya uwanja mwanamke mmoja alimwangalia sana, kisha akasema sweta nzuri, akapiga muhuri. Basi. Amefika. Nimelala saa kumi na nne mfululizo, Ramathan akadhani nimekufa.

Ulikataa shukrani kwa hiyo sitaandika.

Zile sweta tatu. Sikujua kwamba zipo. Nimejaribu kukumbuka kama aliwahi kuniuliza kipimo changu, na hakuniuliza hata mara moja. Nadhani alikijua.

Kampuni imenipa likizo. Nafika Nairobi tarehe tatu Juni. Nataka kuja moja kwa moja hapo nyumbani, nimweleze Virginia mwenyewe kwa mdomo wangu. Baada ya hapo, nikijaliwa, nitakwenda Tororo kumwona mtoto. Naomba umwulize Virginia kama atanipokea. Anijibu lolote, hata kama ni matusi. Siwezi kumwuliza kwa simu, nimejaribu mara mbili na nikakata.

Mdogo wako,
Boaz


Timboroa
12 Aprili 2014

Boaz, mdogo wangu,

Tunakusalimu. Mvua za masika zimeshika vizuri. Viazi vimepandwa, na kondoo tumewakata sufu juzi. Kiganja changu kinatabiri mvua kuliko redio.

Kwanza nikuondolee mashaka: Virginia hajaondoka. Watu walitarajia aondoke, na Mama Jecinta aliyesikia sijui kwa nani alikuja na sukari ya kumfariji. Virginia alipokea sukari, akampa chai yenye sukari ile ile, akamsindikiza hadi barabarani. Nyumba ni yake, aliipigilia mabati mwenyewe. Shule ya sekondari ya wasichana imeagiza sweta mia moja na arobaini, na ameajiri wanawake wawili. Wanafumia sebuleni kwako. Kiti chako kile cha mbao ndicho wanachozungushia uzi.

Nilimwuliza ulichoniomba. Nilimsomea barua yako yote, maana nimechoka kuficha barua. Penye fundi na suruali alicheka. Penye sweta tatu aliacha kufuma, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea. Nami sikumsukuma.

Alinijibu jana, tukiwa tunafunga mafungu ya sufu. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama kweli unashuka Nairobi tarehe tatu, nikasema ndivyo ulivyoandika. Aliniuliza basi la kwenda Uganda linapita hapa kwetu saa ngapi, nikasema kama saa tisa mchana, na huwa halisimami Timboroa ila abiria akiomba.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza:

"Mwambie Boaz mtoto anamngoja mbele. Hapa akipita, asimwombe dereva asimame."

Dada yako,
Everlyn